Maharage ya Utani

Hapo zamani za kale, wakati wanyama walikuwa na milango na wakigongeana hodi kama watu wenye adabu zao, paliishi Nyati mmoja juu ya Mlima Kigongo. Jina lake Senkoro. Alikuwa na mke, alikuwa na ndama watatu, na alikuwa na shamba la mahindi kwenye mteremko mkali kiasi kwamba ukiangusha jembe juu, unakwenda kuliokota mtoni. Pukuchueni, pukuchueni, msinitazame mdomo! Mnasikiliza kwa masikio, si kwa mikono.

Senkoro alikuwa na nguvu, hilo hakuna aliyebisha. Akikohoa tu, vikombe vilivyo kabatini vinagongana. Akishika jembe, udongo unaruka mpaka kwa jirani. Lakini mahindi yake, jamani! Membamba, mafupi, yana rangi ya njano kama mtu aliyelala na homa wiki mbili. Na kila mvua ikinyesha, udongo mzuri wote ulishuka na maji, prrrrr, ukaishia mtoni.

Misimu miwili mfululizo ghala halikufika hata nusu. Msimu wa tatu, kabla hata ya kupanda, mkewe, Mama Kiondo, alikunja nguo zake na za ndama, akazifunga kwenye kanga kuukuu, akalitundika furushi kwenye msumari nyuma ya mlango.

"Hilo ni la nini?" akauliza Senkoro.

"La kuondokea."

"Kuondokea kwenda wapi?"

"Bondeni, kwa kaka zangu. Baba Kiondo, sikununii wala sikugombezi, nakwambia tu. Watoto hawali nguvu zako. Ghala lisipojaa msimu huu, natungua furushi langu tunashuka."

Moyo wa Senkoro ukafanya ndi! Alimpenda mkewe, na wale ndama aliwapenda kupita kiasi. Alijiona akikaa peke yake katika nyumba ile kubwa, anakohoa, vikombe vinagongana, na hakuna wa kumwambia "Pole." Tangu siku hiyo hakupita mlangoni bila kulitazama lile furushi.

Sasa, kwenye mawe yaliyokuwa juu ya shamba lake aliishi Pimbi, mjane, jina lake Nakiete. Ukimweka ndani ya ungo, ungo unabaki na nafasi. Alikuwa na watoto wanane, na mnajua wenyewe kwamba kwenye mawe hakuoti kitu. Siku moja akashuka kwa Nyati.

"Hodi, mtani!"

"Karibu, mtani. Umekuja kuiba nini leo?"

"Nimekuja kuiba hizo pembe zako nianikie nguo. Sikiliza, Senkoro. Mistari yako ya mahindi iko mbalimbali, katikati mnapita upepo tu. Nipe hiyo nafasi ya katikati nipande maharage yangu. Hindi lako sitaligusa hata moja."

"Ng'o!" akasema Senkoro. "Shamba la mahindi ni la mahindi! Maharage yatakunywa maji yake, yatakula udongo wake, halafu mke wangu aondoke. Ng'o, ng'o, na ng'o ya tatu!"

"Haya, mtani, nimesikia," akajibu Pimbi, akaondoka zake huku anapiga mluzi. Hapo ndipo Senkoro angeshtuka. Pimbi akinyimwa kitu asinune, ujue ana jambo kichwani.

Ngoja kwanza niwaambie habari ya utani wao, maana bila hiyo mtapotea kama alivyopotea Nyati mwenyewe. Babu wa manyati na babu wa mapimbi waligombania kisima mpaka wakachoka. Wakakubaliana: kuanzia leo ugomvi wetu ni wa kucheka. Mtani akikutukana, cheka. Akikuvua kofia akaondoka nayo, cheka. Ukinuna, unalipa mtungi wa togwa, wanywe mlima mzima. Na jambo alilokufanyia mtani hulifuti, hulirudishi. Unamlipizia kwa utani wako, mkubwa kuliko wake. Ila kuna mpaka mmoja: utani haumlazi mtu na njaa. Ukimlaza mwenzio na njaa, huo si utani tena, ni wizi, na mwizi alikuwa anahama mlima.

Basi. Nyati akapanda mahindi. Yakaota. Yalipofika kwenye magoti ya ndama, asubuhi moja Senkoro akatoka na jembe lake kwenda kupalilia. Lo! Amkute nani shambani? Nakiete! Ana mfuko shingoni, ana kijiti mkononi, anakwenda katikati ya mistari, anakata mteremko kutoka upande huu hadi upande ule. Anatoboa, anadondosha, anafukia. Tup! Tup! Tup! Nyuma yake watoto wanane, kila mmoja anakanyaga shimo kwa kisigino.

"We Pimbi! Unafanya nini katika shamba langu?"

"Nakutania!"

"Unani... unani nini?"

"Nakutania, mtani! Mahindi yako yamekonda kwa upweke. Nimeona nikucheke kwa kuyaletea wenzake wa kuzungumza nao. Hebu yatazame yalivyo, kama wachumba waliokataliwa! Kwi! kwi! kwi!" Watoto wote wanane nao wakacheka: kwi! kwi! kwi!

Senkoro akainua mguu. Akataka kumkanyaga yeye na kijiti chake. Halafu akakumbuka togwa. Akaushusha mguu taratibu.

"Ha," akasema. "Ha. Ha."

Kilikuwa kicheko kibaya, hakijawahi kusikika kibaya kama hicho mlimani pale. Lakini kilikuwa kicheko, na mapimbi wote tisa walikisikia.

Akarudi nyumbani jembe begani, hakupalilia kitu. "Mama Kiondo, Nakiete anapanda maharage katika mahindi yetu. Anasema ni utani. Sasa mimi sielewi. Huu ni utani au ni wizi?"

Mkewe alikuwa anapepeta. Hakuinua hata macho. "Ulicheka?"

"Nilicheka, lakini sikuwa nacheka."

"Basi ulicheka," akasema Mama Kiondo.

Senkoro akaenda kwa jirani yake, Mzee Ngiri. Huyu ndiye aliyekuwa akiamua mambo ya utani mlimani pale, na kisa cha kupewa kazi hiyo ni kwamba mkia wake ulisimama wima kila alipokimbia, wakadhani ana msimamo. Ngiri akasikiliza, akasugua meno yake marefu, akauliza, "Amechukua nini?"

"Hajachukua kitu. Ameleta mbegu."

"Mwizi huchukua. Huyu ameleta. Mimi katika miaka yangu yote sijaona mwizi wa kuleta. Nenda kamlipizie utani wako, usinisumbue."

Ndiyo hivyo, wanangu. Senkoro akakaa kwenye gogo, akakuna kichwa mpaka pembe zikapata joto. Hatimaye akapata. Atawaudhi watu wa mawe! Akawaita ndama wake watatu, wakakomba samadi yote ya zizini, wakaipandisha kwa matenga, wakaimwaga mlangoni kwa Pimbi. Pu! Pu! Pu! Kilima kizima cha samadi, inanuka mpaka ng'ambo ya mto.

"Toka uone, mtani!" akanguruma Senkoro. "Leo utalala nje!"

Nakiete akatoa pua. Akanusa. Macho yakamng'aa.

"Mtani! Yote hii? Ya kwangu?"

"Yote! Cheka sasa!"

Akacheka, tena akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akawaita watoto, wakajaza nyungo zao, wakashuka nazo katika shamba la Senkoro, kwenye kila shimo la maharage konzi moja, na kwenye shina la hindi lililo karibu konzi moja. Jioni ile mlango wa Pimbi ulikuwa umefagiliwa safi, na samadi yote iko katika mahindi.

Nyati akapigwa na butwaa. Amemwagia mwenzake uchafu, mwenzake amefurahi. Amepandisha samadi juu, samadi imerudi chini. Nani amemtania nani?

Mvua ikaja. Si mvua ya kunyunyiza, ni ile ya kupiga mabati kama mtu anamwaga kokoto. Senkoro akasimama dirishani, anangoja kuuona udongo wake ukishuka. Akaona udongo wa Ngiri ukishuka. Akaona wa jirani wa pili. Wake? Hakuuona. Akavaa koti akatoka. Maharage yalikuwa yametanda chini, majani yameshikana, na maji yalipofika pale yalitulia, yakaingia ardhini polepole kama mgeni aliyekaribishwa.

"Udongo wangu uko wapi?" akaanza kulia na kuzunguka shamba. "Mbona haujashuka? Amenifanyia nini huyu Pimbi?"

Wakati wa palizi ya pili ukafika. Majirani wote wamejikunja na majembe. Senkoro akaingia shambani na lake, akatafuta magugu. Akatafuta huku, akatafuta kule. Palipotakiwa kuwa na magugu pana maharage. Akarudi nyumbani kabla ya chai, akakaa barazani, mikono haina kazi.

"Unaumwa?" Ngiri akamuuliza kutoka kwenye shamba lake, jasho linamtoka.

"Sijui," akajibu Senkoro. Na kweli hakujua.

Halafu mahindi yakabadilika rangi. Njano ikaanza kupotea kwenye majani ya chini, ikaja kijani. Kijani kikakolea, kikakolea, mpaka ukiyatazama kwa mbali ni meusi tii. Mwingine angeruka kwa furaha. Senkoro hakuwahi kuona mahindi yake yakiwa hivyo, akadhani yameugua.

"Mama Kiondo, ameniibia njano!"

"Ameiba nini?"

"Njano ya mahindi yangu! Nilikuwa nayo misimu yote, sasa haipo!"

Mkewe akageukia ukutani. Mabega yalimtikisika. Senkoro akadhani analia, na roho yake ikazidi kuchafuka.

Hapo akafanya jambo ambalo utani haukuruhusu. Akaingia shambani peke yake, akatazama kushoto na kulia, akang'oa shina moja la maharage. Chwi! Akaitazama mizizi yake. Salaale! Mizizi imejaa vinundu, vidogo vya mviringo, vimeshikana kama upele. Akaminya kimoja kwa kwato. Ndani chekundu!

Mbio! Nyati mzima anateremka mlima huku ameshika shina la maharage, kuku wanaruka, nguo zinaanguka kwenye kamba. "Mzee Ngiri! Mzee Ngiri! Maharage ya Pimbi yana ndui! Yatayaambukiza mahindi yangu yafe yote, mke wangu aondoke!"

Ngiri akaupokea mzizi, akaugeuza. Hakujua ni nini. Lakini akiwa Ngiri, hakuwa tayari kusema hajui. "Mmm," akasema. "Hii ni... hii iko hivyo. Umeing'oa?"

"Nimeing'oa."

"Umefuta jambo la mtani. Ukirudia, togwa."

Pimbi alikuwa ameliona lile shimo tupu zamani. Alipokutana na Senkoro njiani akamuuliza kwa upole, "Mtani, umewaona watoto wangu wadogo, wale wa chini ya ardhi? Wanene eeh? Wasubiri, wanapikia mahindi yako." Kisha akaenda zake akipiga mluzi. Senkoro akabaki amesimama njiani mpaka jua likamzunguka. Nani anapika? Chini ya ardhi? Kwa chungu kipi?

Basi siku zikaenda, maharage yakakauka, mahindi bado yamesimama mabichi yamebeba. Asubuhi moja akasikia kelele shambani. Anatoka, anamkuta Nakiete na watoto wanane, mikeka imetandikwa, miundu mikononi. Wanakata mashina ya maharage, mizizi wanaiacha ardhini. Wanapiga kwa fimbo, tifu! tifu! tifu! Maharage yanaruka mekundu, yanang'aa. Mkeka wa kwanza ukajaa. Wa pili ukajaa. Wa tatu.

Hapo Senkoro akaelewa kitu kimoja, au alidhani ameelewa. Kumbe! Kumbe alikuwa anachekeshwa tu ili mwenzake avune katika shamba lake! Amechezewa shere! Damu ikampanda kichwani.

"Mwiziiii!"

Mlima mzima ukasikia. Ngiri akaja mbio, mkia wima. Majirani wakaja. Baraza likakaa saa ileile uwanjani kwa Ngiri.

"Ameiba!" Senkoro akanguruma. "Mikeka mitatu! Kutoka shambani kwangu!"

"Nilipanda mbele yake," akasema Pimbi kwa sauti nyembamba. "Muulizeni alifanya nini."

"Senkoro, ulifanya nini?" akauliza Ngiri.

"Ni... nilicheka."

"Nikaweka samadi, tena samadi yenyewe alinipandishia yeye kwa matenga. Muulizeni kama hakuja mlangoni kwangu na ndama wake."

"Ulipandisha?"

"Nilipandisha, lakini nilikuwa namuudhi!"

Watu wakavunjika mbavu. Senkoro akatazama huku na huku. Macho yalikuwa yamemlowa. "Chekeni tu," akasema. "Ninyi hamna furushi nyuma ya mlango. Kama hayo maharage yamekula shibe ya mahindi yangu, mimi nitabaki na nani?"

Kicheko kikakatika. Hata Pimbi akainamisha kichwa, maana alikuwa mjane, nyumba yenye nafasi tupu aliijua.

Ngiri akasugua meno. Akasema, na kwa mara ya kwanza akasema jambo la maana: "Tungoje ghala. Ghala la Senkoro lisipojaa, basi amelazwa na njaa, ule ulikuwa wizi. Nakiete atatoa maharage yote na atahama mawe, yeye na watoto wake. Likijaa, ulikuwa utani, na Senkoro atalipa mtungi wa togwa kwa kununa. Kesi imekwisha, nendeni."

Senkoro akafika nyumbani amechoka kuliko siku ya kulima. Akalitazama furushi. Akasimama. Akapangusa macho, akalitazama tena. Furushi limenenepa! Jana lilikuwa hivi, leo liko hivi, kanga imevutika mpaka inataka kupasuka.

Ameongeza nguo, akawaza. Hangojei hata ghala. Amekwisha amua.

Akataka kumuuliza mkewe. Akaliogopa jibu. Akala ugali wake, akakaa wiki tano na lile jambo kifuani, na kila siku anapita mlangoni kwa ubavu kama mtu anayempita mbwa mkali.

Mahindi yakakauka. Siku ya kuvuna ikafika, na Senkoro akaingia shambani. Akavunja hindi la kwanza, akalimenya. Kubwa, limejaa punje mpaka nchani. Akalitupa tengani, akavunja la pili. Vilevile. La tatu lilikuwa kubwa kuliko yote. Akaacha kumenya, akawa anavunja tu, kwa! kwa! kwa! na ndama wanabeba, wanakwenda wanarudi. Adhuhuri ghala likafika nusu. Alasiri likafika mlangoni. Mwisho ndama wa tatu akarudi na tenga lake likiwa bado limejaa, akasema, "Baba, haliingii. Limejaa pomoni."

Senkoro akakaa chini. Alitaka kufurahi, lakini hata furaha yenyewe ilimchanganya. Nguvu zilikuwa zilezile, tena alilima kidogo kuliko miaka yote. Palizi ya pili hakufanya kabisa. Udongo haukushuka. Njano iliibwa. Maharage yalikuwa na ndui, na mahindi yakanenepa.

Akaingia ndani. Ghala limejaa, basi furushi si lifunguliwe? Lakini furushi liko palepale, limetuna, kwenye msumari wake. Mama Kiondo anapuliza moto kama hakuna kitu.

Hapo uvumilivu ukamwisha. "Mama Kiondo! Ghala limejaa! Kama bado unakwenda, nenda, lakini nguo zangu ulizochukua uniachie!" Akalishika furushi akalivuta. Zito! Nguo gani nzito hivi? Fundo likafunguka.

Chararaaaa!

Maharage. Mekundu, yanang'aa, yanaruka sakafuni, yanaingia chini ya kabati, yanaingia ndani ya viatu. Hakuna nguo hata moja. Senkoro akasimama katikati yake na kanga tupu mkononi.

"Haya... haya si ya..."

"Ya Nakiete," akasema mkewe. "Siku ile mlipokuwa mnabishana kwa Ngiri utani au wizi, kule shambani mikeka ilibaki bila mtu. Nikatoa nguo zetu, nikazirudisha kabatini, ndiko ziliko mpaka leo na wewe hufungui kabati. Nikaenda shambani na kanga yangu, nikaijaza."

"Uliiba?"

"Mimi? Nimemtania!" Akaanza kuokota punje moja moja. "Baba Kiondo, mimi niliyaona mahindi yanageuka kijani tangu siku ya kwanza. Mtu anayekwenda kwa kaka zake anafunga nguo. Hizi ni mbegu. Mbegu ni za mtu anayebaki."

Mara, "Hodi!" Nakiete huyo mlangoni, na watoto wanane, kila mmoja na kibuyu. "Tumefuata togwa yetu, mtani! Ghala limejaa, mlima mzima umeo..." Akaona sakafu. Akainama, akaokota punje moja, akaigeuza, akainusa. Akatazama kanga. Akamtazama Mama Kiondo.

"Mkeka wangu wa tatu," akasema taratibu. "Nilidhani panya."

"Si panya, mtani wangu," akajibu Mama Kiondo. "Tumekutania."

Pimbi akataka kununa. Akaukumbuka mtungi wa togwa.

"Ha," akasema. "Ha. Ha."

Kilikuwa kile kile kicheko kibaya! Senkoro akakitambua mara moja, kama mtu anayekutana na koti lake limevaliwa na mwingine. Kitu kikampanda kutoka tumboni, kikapita kifuani, kikamtoka. Akacheka! Wanangu, alicheka Nyati siku ile mpaka vikombe vitatu vikavunjika kabatini, na Pimbi alipoona hivyo na yeye akashindwa, kwi! kwi! kwi! wakaangukiana pale juu ya maharage.

Walipopoa, togwa ikamiminwa, na Mama Kiondo akabandika chungu cha makande, mahindi ya Senkoro na maharage ya Nakiete pamoja. Hapo Pimbi akamweleza mtani wake: vile vinundu ndivyo vilivyokuwa vinalisha udongo, majani ndiyo yaliyoushika usishuke, ndiyo maana mizizi akaiacha.

"Umeelewa sasa?" akamuuliza.

"Hapana," akasema Senkoro, mdomo umejaa makande. "Lakini nimeshiba. Msimu ujao njoo na kijiti chako mapema, na safari hii sitacheka, nitakusaidia kutoboa."

Msumari ule wa nyuma ya mlango ulibaki, ila sasa ulitundikiwa kofia. Ndivyo nilivyosimuliwa na mimi nikiwa napukuchua kama ninyi, na kama kuna punje iliyonidondoka, iokoteni. Lililobaki ni hili moja tu: kabla hujamwita mwenzio mwizi, tazama kwanza amekuletea nini.